Mto Umefurika Samoni, Kundi Moja Linazama: Hali ya Sokai wa Fraser Inavyopimwa

Mwaka 2009 ilitabiriwa kwamba samoni aina ya sokai zaidi ya milioni 10 wangerudi kwenye Mto Fraser, huko British Columbia, magharibi ya Kanada. Walirudi kama milioni 1.5. Uvuvi ukafungwa, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen. Tume ikiwa bado kazini, mwaka 2010 wakaingia mtoni samoni kama milioni 28, wingi ambao haukuwa umeonekana tangu 1913.

Sasa mtu akuulize: samoni wa Fraser wana hali gani? Ukijibu kwa hesabu ya 2009 utasema wamekwisha. Ukijibu kwa hesabu ya 2010 utasema wametapakaa. Majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba yamejumlisha mto mzima. Sehemu kubwa ya wale wa 2010 walikuwa wa Mto Adams na vijito vinavyozunguka Ziwa Shuswap, ambao huwa na mwaka wao wa neema kila baada ya miaka minne. Msimu huohuo, sokai wa Ziwa Cultus, ziwa dogo karibu na Chilliwack, walikuwa bado hatarini kutoweka kama ilivyotangazwa tangu 2002 na COSEWIC, kamati ya wanasayansi inayotathmini wanyamapori wa Kanada. Na hao wa Cultus huogelea pamoja na wa Adams, wiki zilezile, kwenye maji yaleyale, hadi nyavu zilezile.

Kupima hali ya samoni, kwa hiyo, hakuanzi na kuhesabu. Kunaanza na kuamua unamhesabu nani.

Kundi ni lipi

Sokai huanguliwa kwenye changarawe, kwa kawaida huishi mwaka mmoja ziwani, hushuka baharini, hukaa huko miaka miwili na ushee, kisha hurudi kutaga alikozaliwa akiwa na umri wa miaka minne. Akishataga hufa. Kwa kuwa kila mmoja hurudi kwao, samaki wa ziwa hili hawachanganyiki sana na wa ziwa lile, na baada ya maelfu ya miaka kila ziwa limejitengenezea watu wake: wanaojua kuingia mtoni Julai na wanaosubiri hadi Septemba, wenye nguvu za kupanda zaidi ya kilomita 1,000 na wasiohitaji kupanda hata 150.

Sera ya Samoni wa Mwituni, iliyotolewa na wizara ya uvuvi ya Kanada mwaka 2005, iliweka kipimo kinachoeleweka hata bila maabara. Kundi la uhifadhi ni samoni waliojitenga kiasi kwamba, wakitoweka, hakuna uwezekano wa maana wa wengine kuja kujaza nafasi yao wenyewe katika muda unaokubalika, mathalani maisha ya binadamu mmoja. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila kijito ni hili: samaki wa hapa wakifa wote, je, jirani atakuja? Kama atakuja ndani ya vizazi vichache, hivyo ni vijito viwili vya kundi moja. Kama hatakuja, ni makundi mawili.

Kujibu hilo hutumika vitu vitatu kwa pamoja: mazingira (aina ya bonde, ziwa, njia ya kwenda baharini), muda wa kupanda mto, na vinasaba. Ukivitegemea vinasaba peke yake utakosea, kwa sababu makundi mawili yanaweza kufanana kwa vinasaba huku moja likitaga Agosti na lingine Novemba. Ukichora mpaka mpana mno, kijito tajiri kitafunika kilichokufa. Ukichora mwembamba mno, kila kijito kitaonekana mgonjwa kwa sababu tu ni kidogo, na utakuwa na makundi mengi kuliko watu wa kuyahesabu. Kosa la kwanza ndilo baya zaidi, kwa maana halionekani kwenye jedwali lolote.

Marekani wana utaratibu unaokaribiana na huo chini ya sheria yao ya viumbe walio hatarini. Sokai wa Mto Snake waliingizwa kwenye orodha mwaka 1991 kama kundi linalojitegemea, ingawa sokai kama spishi wamejaa Alaska. Mwaka uliofuata alirudi dume mmoja tu hadi Redfish Lake, Idaho. Watu wakampa jina, Lonesome Larry. Hakuna sokai wa Alaska aliyekuja kumtafuta, na hicho ndicho kipimo chenyewe.

(Kwa msomaji wa Nyeri au Karatina: samoni si mgeni kabisa. Trauti waliopandikizwa na wakoloni kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare ni jamaa zake. Tofauti ni kwamba trauti wale hawana bahari ya kwenda wala safari ya kurudi, hivyo kuwahesabu ni kazi nyingine kabisa.)

Kuhesabu waliofika kutaga

Nambari inayotafutwa ni ya waliofika mazalioni, si ya waliovuliwa wala ya waliopita mlangoni mwa mto. Tofauti hiyo huwaponza wengi. Fraser una kituo cha sona (chombo kinachotambua samaki kwa mawimbi ya sauti) huko Mission, sehemu ya chini ya mto, kinachosaidia kuendesha uvuvi siku kwa siku. Lakini anayepita Mission bado ana safari. Mwishoni mwa 2018 jabali lilimeguka kwenye korongo la Big Bar, kaskazini ya Lillooet, na halikugunduliwa hadi Juni 2019. Maji yakawa na maporomoko ambayo samaki wengi hawakuweza kuyaruka. Mwaka huo, hesabu ya Mission ingekudanganya kabisa kuhusu makundi ya juu kama Early Stuart. Maji ya moto nayo hufanya vivyo hivyo kimyakimya: joto likifika nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, sokai huanza kuchoka, magonjwa hushika kasi, na wengine hufa njiani bila mtu kuona mzoga.

Njia bora zaidi ni uzio. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua kanuni hiyo, maana uzio wa fito unaoelekeza samaki mahali unapotaka ni teknolojia ya zamani. Hapa fito ni za chuma, zimepangwa kukata mto mzima, na pana lango moja ambalo hupita samaki mmoja mmoja huku mtu au kamera ikihesabu. Kule Cultus uzio uko kwenye kijito cha Sweltzer, njia pekee ya kutoka na kuingia ziwani, na hesabu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1920. Uzio ukifanya kazi hupati makadirio, unapata idadi kamili. Ila hauna msamaha. Majani na magogo hujazana, maji hupanda nyuma yake, na usipousafisha mara kwa mara mafuriko huulaza. Uzio uliolala siku 3 mwanzoni mwa msimu ni hasara ndogo. Ukilala siku 3 kwenye kilele, umepoteza sehemu kubwa ya mwaka, na pengo hilo utalijaza kwa kukisia. Lazima liandikwe kwenye rekodi kuwa ni kisio, la sivyo miaka kumi baadaye mtu atalichukua kama hesabu ya kweli. Tatizo la pili ni samaki wanaokataa kupita langoni na kurundikana chini yake. Hapo sio tu unakosa hesabu, unawachelewesha na kuwachosha.

Mahali ambapo mto ni mpana, hutumika sona ya kupiga picha. Samaki huonekana kama vivuli vinavyotambaa kwenye skrini. Hawahesabiwi kila sekunde: huchukuliwa dakika kadhaa za kila saa kisha kuzidishwa. Unahesabu wanaopanda na kutoa wanaoshuka, kwa sababu kuna samaki anayepita mbele ya chombo mara tano kabla hajaamua. Kivuli hakisemi spishi. Miaka isiyogawanyika kwa mbili, samoni pinki huingia Fraser kwa mamilioni, na bila nyavu za majaribio pembeni ya sona huwezi kujua kivuli kipi ni sokai.

Kwa makundi makubwa ya Fraser yasiyo na uzio wala sona, njia ni kutia alama. Samaki hukamatwa kwa juya karibu na mazalio, huchomekwa kidani cha plastiki chini ya pezi la mgongoni kwa pini, na kwenye kifuniko cha matamvua hutobolewa tundu dogo kama akiba. Anaachiwa, anataga, anafa. Kisha timu hutembea kingo za mto ikikagua mizoga: wangapi kwa jumla, wangapi wenye alama. Tuseme ulitia alama 2,000, ukakagua mizoga 9,000, ukakuta yenye alama 300. Hesabu ni (2,001 × 9,001) ÷ 301, toa 1, unapata kama 59,800.

Lile tundu la akiba ndilo linaloiokoa hesabu. Vidani hudondoka. Kama katika mizoga 9,000 ilikuwamo 33 iliyokuwa na tundu lakini haina kidani, wenye alama si 300 bali 333, na jibu linashuka hadi kama 53,900. Samaki karibu 5,900 waliozaliwa na pini iliyolegea. Kosa la upande wa pili ni kuwatia alama wanaoingia mapema tu, au kukagua mizoga ya ukingo wa juu tu. Madume na majike hukokotolewa mbalimbali, kwa sababu jike hulinda kiota chake hadi kufa ilhali dume huzurura na mzoga wake huchukuliwa na maji. Ukiwachanganya, unapotosha wote wawili.

Na kila mzoga ukishakaguliwa hukatwa vipande viwili kwa panga. Si ukatili wala si kwa ajili ya dubu. Ni ili timu ya kesho isiuhesabu tena. Kabla ya pigo hilo, tumbo la jike hupasuliwa na kutazamwa mayai yaliyobaki: ametaga yote, nusu, au hakutaga kabisa. Yanaandikwa asilimia 100, 50 au 0. Kutokana na hayo hupatikana idadi ya majike waliozaa kweli, na hiyo ina uzito kuliko idadi ya vichwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, sokai wa msimu wa mwisho, yaani wanaorudi nyuma ya wengine kama wa Adams na Cultus, waliacha desturi yao ya kusubiri wiki kadhaa kwenye ghuba kabla ya kuingia mtoni. Walianza kupanda mapema, kwenye maji ya moto, wakishambuliwa na kimelea cha figo. Kuna miaka walionekana wengi mazalioni, lakini ukiwapasua, mayai yamo tumboni. Hesabu ya vichwa peke yake ingesema msimu ulikuwa mzuri.

Vijito vidogo havipati anasa hiyo. Kwenye Fraser, kundi linalotarajiwa kuwa chini ya 75,000 (zamani kizingiti kilikuwa 25,000) kwa kawaida huhesabiwa kwa macho, kwa miguu au kwa helikopta. Huchukuliwa hesabu ya siku yenye walio hai wengi zaidi, inajumlishwa na mizoga yote iliyoonekana hadi siku hiyo, kisha huzidishwa kwa 1.8. Kizidisho kipo kwa sababu hakuna siku moja ambayo wote wapo: wengine hawajafika, wengine wameshachukuliwa na dubu, wengine wako chini ya magogo. Kusema kweli, kijito chenye maji ya kahawia na kijito cheupe kama kioo havistahili kizidisho kimoja. Faida yake ni kwamba hakibadiliki, na kosa lisilobadilika halivurugi mwelekeo. Kinachovuruga ni kubadili njia katikati ya safari. Kijito kilichokuwa kikihesabiwa kwa alama, kisha kikahamishiwa kwenye macho na helikopta, kinaweza kuonyesha anguko ambalo samaki wenyewe hawakulipata.

Njia nyingine ya macho ni kuhesabu mara nyingi na kupima eneo chini ya mstari. Tuseme umetembea kijito kila baada ya siku 7 ukaona 0, 400, 1,500, 900, 100, 0. Jumla yake ni 2,900, mara siku 7 ni siku-samaki 20,300. Kama samaki mmoja huishi mazalioni siku 10, gawanya, unapata 2,030. Kama macho yako huona asilimia 70 tu ya waliopo, gawanya kwa 0.7, unapata 2,900. Lakini wakiwa wanaishi siku 8 badala ya 10, jibu ni 3,625. Umeongeza robo ya samaki kwa kubadili kitu ambacho wengi hawakipimi kabisa, wanakinakili kutoka mto mwingine. Ukiwa na fedha za kupima jambo moja tu kwenye kijito, pima hilo.

Alama mbili na taa tatu

Sasa una mfululizo wa miaka. Hujui bado kama 15,000 ni wengi au wachache. Hapo inahitajika familia: watoto wangapi walirudi kwa kila mzazi. Kwenye mizoga hutolewa magamba na mawe ya sikio, ambayo yana miduara kama ya shina la mti, na kwa hayo unajua huyu ana miaka minne, yule mitano. Waliovuliwa baharini na mtoni hugawiwa kwenye makundi yao kwa vinasaba. Kisha unawarudisha wote, waliovuliwa na waliotaga, kwa mwaka wa wazazi wao. Kazi hii ni ya kuchosha na ndiyo yenye makosa yasiyoonekana: ukiwapa kundi dogo samaki wa kundi kubwa kwa kukosea asilimia 2 tu, unaweza kuwa umelizidisha lile dogo mara mbili.

Uhusiano kati ya wazazi na watoto huandikwa kwa mlinganyo wa Bill Ricker, aliyekuwa mtafiti wa Nanaimo na aliyeuchapisha mwaka 1954: R = S × e^(a − bS). S ni wazazi, R ni watoto wanaorudi, a ni uwezo wa kuzaa kukiwa na nafasi tele, b ni msongamano unavyowabana, na e ni namba ya kudumu ya hisabati, kama 2.718. Kutoka hapo hupatikana idadi ya wazazi inayotoa mavuno makubwa zaidi ya kudumu. Hali ya kundi hupimwa dhidi ya alama mbili za mpaka. Alama ya juu ni asilimia 80 ya idadi hiyo. Alama ya chini ni idadi ambayo, uvuvi ukifungwa kabisa, ingeweza kufika kwenye idadi hiyo ya mavuno makubwa ndani ya kizazi kimoja. Juu ya alama ya juu ni kijani, kati ni njano, chini ni nyekundu, kama taa za barabarani.

Tufanye mfano wa kubuni. Kundi lina a ya 1.5 na b ya 0.00002. Wazazi wa mavuno makubwa ni kama 29,600, alama ya juu kama 23,700, alama ya chini kama 7,700. Wazazi wa sasa ni 15,000, basi taa ni njano.

Bahari ikaharibika, a ikashuka hadi 0.8. Mtaalamu mwangalifu akasema tusitumie takwimu za kale, tutumie za miaka ya karibuni. Anakokotoa upya. Alama ya chini inapanda hadi kama 9,700, kama unavyotarajia, kwa kuwa kundi dhaifu linahitaji wazazi wengi zaidi ili kujiokoa. Lakini alama ya juu inashuka hadi kama 14,200. Wazazi ni walewale 15,000, watoto wao wanarudi wachache zaidi kuliko zamani, na taa imegeuka kijani.

Hakuna aliyekosea hesabu. Alama ya juu imeegemea mavuno, na kundi lisilozaa vizuri halina mavuno mengi ya kutoa, kwa hiyo lengo lake nalo hushuka. Ndiyo maana alama ikibadilishwa lazima ionyeshwe pamoja na ile ya zamani, na msomaji wa ripoti aangalie kwanza miaka iliyotumika kabla ya kuangalia rangi. Nionavyo mimi, alama ya chini ifuate uzazi wa sasa na ya juu ibaki kwenye uzazi wa muda mrefu. Wapo wataalamu ambao hawatakubaliana nami, na hoja yao si ya kubeza: lengo lisilofikika halimsaidii msimamizi wa uvuvi kufanya uamuzi wa Jumatatu.

Kwa maziwa yenye mzunguko wa miaka minne, Ricker peke yake hatoshi, kwa sababu umati wa mwaka wa neema huonekana kuwabana hata wale wa mwaka unaofuata. Hapo hutumika mlinganyo wa Larkin, unaoingiza wazazi wa miaka iliyotangulia. Mahali pasipo na mfululizo mzuri, uwezo wa ziwa hukadiriwa kwa kupima usanisinuru wa mimea midogo ya majini, yaani chakula cha chakula cha vifaranga, kisha kupiga hesabu ziwa linaweza kulea wangapi. Na kundi likiwa na wazazi chini ya 1,000, hakuna mlinganyo unaohitajika kujua kwamba kuna shida.

Baada ya wingi huja mwelekeo. Kwa sokai vizazi 3 ni miaka 12. Kushuka kwa zaidi ya asilimia 25 katika kipindi hicho ni nyekundu, chini ya 15 ni kijani. Kipimo cha pili hulinganisha kizazi cha sasa na wastani wa historia yote: chini ya nusu ni nyekundu, juu ya robo tatu ni kijani. COSEWIC wana mizani yao, inayodai kushuka kukubwa zaidi: asilimia 50 katika vizazi 3 huweza kukuweka hatarini kutoweka.

Wastani hapa si ule wa shuleni. Chukua mzunguko wa 1,000,000, 300,000, 5,000 na 3,000. Jumlisha ugawe kwa nne, unapata 327,000, idadi ambayo haikuonekana mwaka wowote na ambayo miaka miwili kati ya minne iko mbali nayo kama mbingu na ardhi. Zizidishe zote kisha tafuta kipeo cha nne, unapata kama 46,000. Huo ndio unaotumika, kwa kuwa mwaka mmoja wa neema hauwezi kuficha mitatu ya njaa. Na kabla ya kuchora mstari wa mwelekeo, lainisha mfululizo kwa wastani wa miaka minne unaosogea. Usipofanya hivyo, ukianza dirisha kwenye mwaka wa neema na kulimaliza kwenye mwaka mkavu, utatangaza msiba usiokuwapo. Anayetaka kutangaza sherehe atafanya kinyume, na takwimu ni zilezile.

Rangi moja kutoka vipimo vingi

Vipimo hivi hugombana. Kundi la Harrison, sokai wa aina yake ambao hawakai ziwani bali hushuka baharini mapema, lilikuwa likiongezeka miaka ya 2000 wakati majirani wengi wakishuka. Lingine lina wazazi wengi kupita alama ya juu lakini limeporomoka kwa asilimia 60 kutoka kwenye kilele cha miaka ya 1990. Je, ni kijani kwa wingi au nyekundu kwa mwelekeo? Kanuni ya kuchukua rangi mbaya kuliko zote ni rahisi, na ingelipaka karibu kila kundi nyekundu. Kwenye tathmini ya Fraser iliyochapishwa 2012, wataalamu waliwekwa kwenye vikundi na kupewa kurasa za takwimu ambazo majina ya makundi yalikuwa yamefichwa, ili aliyelipenda ziwa fulani asilihukumu kwa mapenzi. Walijadili kila moja hadi wakapata rangi moja, au wakaandika rangi mbili zikiwa pamoja kama njano/nyekundu pale walipokwama. Kwangu mimi ile rangi pacha ni jibu zuri. Inaeleza mahali ubishi ulipo.

Mwaka 2017 COSEWIC walitathmini sokai wa Fraser katika makundi 24: 8 hatarini kutoweka, 2 wanatishiwa, 5 wa kuangaliwa kwa karibu, 9 salama. Mto mmoja, spishi moja, hukumu nne. Kwa upande wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, sokai kama spishi nzima wamewekwa kwenye daraja la wasiotia wasiwasi, huku baadhi ya makundi yao wakiyapa daraja la kutishiwa. Kauli hizo hazipingani, zinajibu maswali tofauti.

Yapo pia makundi yasiyo na rangi. Idadi ya vijito vinavyohesabiwa pwani ya British Columbia imepungua tangu miaka ya 1980, na vinavyoachwa kwanza ni vile vidogo na vya mbali. Mfululizo wenye mapengo ya miaka mitano haupimiki, basi kundi huandikwa kuwa halina takwimu za kutosha. Kwenye ramani hupakwa kijivu. Msimamizi wa uvuvi akiitazama ramani hiyo, kijivu hakimlazimishi kufunga chochote.

Na hata nyekundu haifungi. Tathmini ni kazi ya wanasayansi, kuorodhesha kisheria ni kazi ya mawaziri. Januari 2005 serikali ya Kanada ilikataa kuwaingiza sokai wa Cultus, na wenzao wa Ziwa Sakinaw, kwenye orodha ya sheria ya viumbe walio hatarini. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: kuwalinda Cultus kisheria kungemaanisha kubana uvuvi wa msimu wa mwisho wote, ambao ni wa Adams na tajiri. Badala yake kikawekwa kikomo cha sehemu ya msimu huo inayoweza kuvuliwa, na vifaranga vikaanza kutotoleshwa na kuachiwa ziwani.

Hao wa kutotoleshwa hukatwa pezi dogo la mafuta lililo karibu na mkia, ili wakirudi miaka minne baadaye wajulikane kwenye uzio wa Sweltzer. Asiye na pezi huandikwa kando. Mwenye pezi huhesabiwa kuwa amezaliwa mwituni. Lakini sera ya 2005 haiishii hapo: samoni wa mwituni lazima awe ameishi maisha yake yote huko, na wazazi wake nao wawe wamezaliwa na kuishi huko. Mtu anayeshika karatasi langoni anaona pezi. Mama wa samaki huyo alizaliwa wapi, pezi halisemi.